Kalenda ya Paka Asiyekuwepo

Kila neno lililomo humu ni la kweli. Si kweli ya kusemwa tu. Ni kweli ya kuapiwa, na Mutinda wa Muli ameshaiapia mbele ya mkewe, mbele ya muuza nyama na mbele ya paka wasiohesabika. Tatizo ni kwamba Mutinda ameapia mambo mengi. Ameapa kwamba alipokuwa karani wa mizani ya malori kule Mlolongo, kabla ya kustaafu, kulikuwa na paka aliyelala juu ya mizani mchana kutwa na mshale usitikisike, kwa kuwa paka akilala hana uzito. Ameapa kwamba kwao Kangundo, mwaka mmoja wa jua kali, mibuni ya baba yake ilizaa kahawa iliyokwisha kukaangwa, ikabaki kusagwa tu. Ndiyo maana hapa Machakos mjini akitamka "haki ya Mungu", watu hukaa vizuri kwenye viti na kuagiza chai nyingine.

Lakini kalenda hii ipo. Imeonekana, imeshikwa, imetandikwa sakafuni, na aliyeitandika si mtu wa mchezo.

Mutinda alijifunza kuchora baada ya kustaafu, bila mwalimu. Aliangalia picha kwenye makopo ya biskuti, akaangalia kalenda zinazotolewa bure na maduka ya vifaa vya ujenzi, zile za matrekta na maporomoko ya maji, akaona hata yeye anaweza. Rangi ya kahawia aliipata kwa kuchemsha kahawa ya shambani mpaka ikawa nzito kama lami. Akachagua kuchora paka, kwa sababu paka, kama alivyosema, hukaa kimya akichorwa na hatoi maoni. Alikata karatasi ya manila vipande vya ukubwa wa kadi za posta: upande mmoja paka, upande wa pili mistari ya anwani na kijisanduku cha stempu, ingawa hakuna aliyewahi kuzituma popote. Aliwagawia wapenda paka. Mtu akitaja tu kwamba nyumbani kwake kuna paka, kabla hajafika mwisho wa maneno, Mutinda ameshaingiza mkono kwenye koti. Mwalimu mmoja mstaafu alizitia kwenye fremu. Fundi cherehani alibandika yake juu ya mashine. Na kila Desemba Mutinda alichora kalenda moja nzima, picha moja kwa kila mwezi, akampa mpenda paka mmoja aliyemchagua, na wasiochaguliwa walinuna mpaka Februari.

Jambo moja tu lilimshangaza mkewe, Nzisa. Mzee huyu wa paka hakuwahi kumshika paka. Alivaa viatu vya kung'aa, alipangusa benchi kabla ya kukaa, na paka akimsogelea aliinua mguu kama mtu anayevuka dimbwi.

"Wewe unapenda paka wa karatasi," Nzisa alimwambia. "Hao hawali."

"Mchoraji haingiliani na mzigo," Mutinda akajibu. "Hata kule mizani sikuwa napanda malori."

Basi, mpenda paka mkubwa kuliko wote mjini alikuwa Hafso, mama yake Dayib, mwenye duka la vitambaa vya pazia nyuma ya msikiti. Alikuja Machakos akiwa bibi harusi wa Hared, aliyekuwa akileta mbuzi kutoka Kithyoko, na Hared alipofariki yeye alibaki na duka, na lugha tatu za kubishania bei, na paka. Wa kwanza aliwekwa ili panya wasitoboe majora ya vitambaa. Waliofuata walijileta wenyewe. Kila asubuhi Hafso alibeba beseni la mabaki ya matumbo kutoka bucha ya jirani yake Ramzi, akaingia uani, na ua mzima ukaamka kumpokea. Mzee wao alikuwa dume la kijivu, mistari myeusi mgongoni, sikio moja limechanika. Jina lake Karani, kwa kuwa alipenda kulala juu ya kitabu cha risiti.

Mvua za Novemba zilipoanza, Mutinda alimchora Karani kwenye kadi. Hakuwahi kuchora kadi nzuri kama hiyo. Hata ule ufa wa sikio ulikuwemo. Akampelekea Hafso, akasimama kando ya meza kungoja sifa.

Hafso aliitazama kwa muda. Akapitisha kidole hewani juu ya mgongo wa paka yule, bila kugusa. Kisha akafungua droo, akailaza kadi kifudifudi, akafunga.

"Imekukosea nini, Mama Dayib?"

"Haijanikosea. Imenipendeza mpaka naogopa." Akaonyesha mkeka uliokunjwa kando ya majora. "Mimi naswali hapa hapa dukani. Mahali naswali siinui picha ya kitu iko na macho. Mama yangu alinilea hivyo, na sijaona sababu ya kubadilisha. Ramzi ako na picha ya fahali huko bucha, na anaswali kunishinda. Yeye na ukuta wake, mimi na wangu. Usichukie, mzee."

Mutinda akasema hajachukia. Alichukia njia nzima mpaka nyumbani.

Kilichomwondolea chuki ni habari aliyoipata kwa Ramzi siku alipokwenda kununua nyama. Dayib, mtoto wa pekee wa Hafso, alikuwa amemwita mama yake ahamie kwake Garissa mwaka mpya ukiingia. Duka lingechukuliwa na Hoodo, binti wa dada yake Hafso. Hafso alikuwa amekubali, kwa kuwa miguu yake haikutaka tena kusimama siku nzima, na wajukuu walikuwa wakikua bila yeye. Lakini paka hawangeweza kwenda: mke wa Dayib kifua humbana akiwa karibu na paka. Na huyo Hoodo aliwaogopa paka kiasi kwamba akija dukani huongelea mlangoni.

"Mama Dayib anafunga mizigo, anafungua tena," Ramzi alisema huku akinoa kisu. "Tarehe ya kusafiri ameisukuma mpaka Dayib ameanza kunipigia mimi. Matumbo nitakata kama kawaida, hiyo si shida. Lakini nani atabeba hilo beseni? Mimi asubuhi niko na foleni mpaka barabarani."

Mutinda alisikia nusu tu. Alisikia kwamba Hafso ataondoka bila paka wake, na hata picha yao hawezi kuibeba. Hiyo nusu nyingine, ya beseni, ilimpita kama lori tupu. Alitoka bucha na nyama mkononi, akaingia mlango wa pili, akasema kabla ya kusalimia:

"Mama Dayib, nitakuchorea kalenda ya paka wako. Utaitundika Garissa, mbele ya mkeka wako."

"Nimekuambia siwezi."

"Haitakuwa na paka."

Ramzi, aliyekuwa amemfuata na chenji yake, akasimama mlangoni. "Kalenda ya paka, na paka hayumo."

"Hata mmoja. Na kila mwezi atamwona."

Hafso alicheka mpaka akashika jora. "Wewe, mutumia," alisema, akimwita mzee kwa Kikamba kama alivyozoea anapomtania, "siku moja utakuja kuniuzia picha ya harufu ya mvua."

"Haki ya Mungu."

"Hapo ndipo umeharibu. Ungenyamaza, pengine ningeamini."

Neno hilo lilimchoma. Unaweza kuwa mwongo anayependwa mji mzima na bado ukatamani, mara moja tu, mtu akuamini mchana kweupe. Mutinda akaweka nyama juu ya meza.

"Tuwekeane dau. Ukipata humo jicho, sikio au mkia, utakachosema nitafanya. Usipopata, utakaa hapa mlangoni na kumwambia kila anayepita kwamba Mutinda wa Muli hasemi uongo."

"Nitakachosema utafanya," Hafso akarudia polepole, kama anavyorudia bei. "Ramzi, umesikia?"

"Nimesikia. Na nyama imesikia."

Kazi ikaanza. Mutinda aliomba kiti uani, akakiweka mbali na paka, viatu vyake juu ya tofali. Mwanzoni hakuona kitu ila paka: paka wanajilamba, paka wanagombana, paka wamelala. Alichotakiwa kuona ni kile kinachobaki paka akishaondoka, na kwa macho yake hakikubaki chochote.

Mpaka alasiri moja. Karani alikuwa amelala juu ya jora la kitambaa cha rangi ya maziwa, karibu na mlango wa uani. Akaamka, akajinyoosha, akaenda zake. Juu ya kitambaa pakabaki shimo. Mutinda aliinuka kulitazama. Shimo lile lilikuwa na paka mzima ndani yake: hapa makalio, hapa kiwiko, hapa kidevu kilipokuwa kimeegemea. Yeye asiyeshika paka akanyoosha mkono, akautia humo. Palikuwa na joto.

Alisimama hapo, kiganja ndani ya joto la mtu aliyeondoka, na hakutaka kukitoa. Alikuwa amechora paka kwa miaka na hakuwahi kuwa karibu nao kama wakati ule, mbele ya paka asiyekuwepo. Hadithi yake ya paka asiye na uzito ilimjia, akaona aibu kidogo, maana uzito wenyewe ulikuwa hapo umeandikwa kwenye kitambaa, wazi kama kwenye mshale wa mizani.

Tangu siku hiyo aliwaona kila mahali. Aliona kwamba ukuta wa ua ulikuwa na utepe mweusi unaong'aa, kimo cha goti, kuuzunguka wote. Ni mabega ya paka waliopita wakijisugua tangu duka lifunguliwe, kizazi baada ya kizazi, mpaka saruji ikawa laini kama mkanda wa kinyozi wa kunolea wembe. Mvua ilipopiga ghafla aliona uani duara moja kavu, mviringo, na pembeni yake alama za nyayo zinazokimbia. Aliona shomoro wote juu ya bati wametazama upande mmoja, na huko walikotazama hapakuwa na kitu ila gunia limebonyea. Aliona sahani iliyolambwa ikawa kama mwezi. Stooni, kwenye msumari, lilining'inia koti kuukuu la kiume, na pindo lake limevutwa nyuzi nyuzi, nyuzi ndefu chini, fupi juu, kama njia ya mtu mdogo anayepanda mlima. Alichora vyote. Tarehe alizipanga ndani ya picha zenyewe, kwa mstari mmoja mwembamba kama wa siafu wanaovuka njia, ili zisimfukuze paka asiyekuwepo.

Nyumbani, Nzisa alizitazama zilipokuwa zikikauka mezani. Meza ilikuwa ndogo, ilibeba nne tu kwa mara moja.

"Ni nzuri," alisema. Akainama karibu zaidi. "Ni nzuri sana, baba Mukai. Lakini zinakaa kama nyumba ya matanga. Ni kama wote wamekufa."

Mutinda hakulala vizuri. Ni kweli alikuwa ameahidi kalenda isiyo na paka, na ni kweli alikuwa ameitengeneza, lakini hakutaka mama wa watu akae Garissa akitazama matanga ukutani mwaka mzima. Asubuhi akachukua rangi ya kahawa, nyepesi kama chai ya wageni wengi, akazipanga picha nne nne, akaanza kupitisha vivuli. Kivuli hapa cha paa, hapa cha kamba ya kuanikia nguo, hapa cha mlango. Kila kimoja kilikuwa kivuli cha kawaida kwenye ukurasa wake. Lakini kilipofika pembeni hakikuisha; kiliendelea kwenye ukurasa wa jirani yake. Ukizipanga zote, vilikuwa mistari ya mgongo wa Karani, na pembeni chini mkia wake umejikunja.

Nani angejua? Kalenda hufunuliwa mwezi kwa mwezi. Hakuna anayeishi Machi na Julai kwa pamoja. Na paka aliyekatwa vipande kumi na viwili, Mutinda alijiambia, si paka; ni kahawa. Yeye mwenyewe hakuwahi kumwona mzima, kwa sababu ya ile meza. Akatoboa matundu juu ya karatasi, akapitisha kamba ya kiatu, akafunga fundo, akawa na amani kabisa.

Siku ya kuikabidhi, Ramzi alimwachia mtu bucha, akaja na aproni yake. Hafso alinawa mikono, akaketi sakafuni, akaiweka kalenda mapajani. Akafunua Januari.

Jora la rangi ya maziwa, na shimo juu yake.

Mkono wa Hafso ulishuka wenyewe mpaka juu ya lile shimo, ukatulia hapo, kama unaotafuta joto.

"Huyu ni Karani," alisema baadaye. "Analalia ubavu wa kushoto. Tangu agongwe na baiskeli, ule wa kulia haulalii."

Mutinda hakujua habari za baiskeli. Alikuwa amechora alichokiona.

Akafunua Februari, lile duara kavu katikati ya mvua. "Mama Mapengo. Yeye hungoja mpaka tone la kwanza limpige puani ndipo akimbie. Angalia nyayo, ametoka mbio na bado ameringa." Machi ilikuwa ule utepe wa ukutani. Hafso aliufuata kwa kidole, akataja majina ambayo Mutinda hakuwahi kuyasikia, majina ya paka waliokufa kabla yeye hajastaafu, mmoja mmoja, kama mtu anayesoma maandishi.

Ramzi alikuwa ameinama juu ya bega la Mutinda. "Mimi naona ukuta," alisema. "Naona ukuta tu. Ngoja." Akainama zaidi. "Ngoja kidogo." Kisha, kwa sauti ya mtu aliyeingia mahali bila kubisha: "Subhanallah. Wamejaa."

Aprili ilikuwa lile koti. Hapo Hafso alikaa muda mrefu kuliko popote.

"Hili ni la Hared," alisema. "Akirudi safari ya mbuzi alilivua, akalitundika hapo, na paka wa kwanza alikuwa anapanda juu yake aingie mfukoni. Hared alimwekea mfupa humo. Mimi nikigomba, yeye anasema paka ndiye anayemkagua." Akashusha pumzi. "Nyuzi hizi nimezitazama kila siku. Sikujua nilikuwa natazama nini."

Walikwenda hivyo mpaka Desemba, na duka, ambalo kwa kawaida lina kelele za barabara, lilikuwa kimya. Wateja wawili walichungulia, wakaondoka polepole kama watu waliokuta maombi. Hafso akafunga kalenda, akaifungua tena, akaipitia upya, safari hii akitafuta. Aliisogeza karibu na macho, akaipeleka kwenye mwanga wa mlango.

"Jicho hakuna," alisema mwishowe. "Sikio sijaona. Mkia sijaona. Mutinda, leo umesema kweli."

Mutinda alihisi kifua chake kikipanda. Tayari alimwona Hafso mlangoni, na mji mzima ukipita na kuambiwa. "Kiti nikuletee?" aliuliza. "Wa sokoni ndio wanaanza kupita sasa hivi."

Lakini kidole cha Hafso kilikuwa kimebaki pembeni ya ukurasa.

Na hapa lazima kazi yake ieleweke. Mwenye kuuza pazia huunganisha vipande viwili, vitatu, kufunika dirisha kubwa. Mnunuzi hutazama ua lililochapwa katikati ya kitambaa. Muuzaji hutazama ukingo, kwa maana hapo ndipo ua lililokatwa kipande hiki lazima likutane na nusu yake kwenye kipande cha pili, la sivyo pazia litarudishwa na maneno mabaya. Hafso alikuwa ametazama kingo tangu ujana wake. Kwenye mambo ya kushonwa, katikati hakukuona tena.

"Hii Machi iko na kivuli hapa chini," alisema. "Kimekatika."

"Ni cha paa."

"Na Julai iko na kipande chake hapa juu. Upana ni huo huo."

"Paa ni refu, Mama Dayib."

Hafso akashika fundo la kamba ya kiatu.

"Ukifungua utaharibu mpango wa miezi," Mutinda alisema, na sauti yake ilikuwa imepungua.

"Nitafunga. Nusu ya madirisha ya Machakos nimeyafunga mimi."

Akazitandika sakafuni kama anavyotandika vitambaa mbele ya mteja: nne juu, nne katikati, nne chini, akizisukuma kwa ncha za vidole mpaka kingo zikagusana. Alipoweka ya mwisho akajivuta nyuma. Ramzi naye akajivuta nyuma.

Karani alikuwa amelala sakafuni, mkubwa kama kitanda. Mgongo wake ulipita Januari mpaka Machi, mistari ikishuka ubavuni kupitia Juni na Julai. Lile duara kavu la mvua lilikuwa bega lake. Mkia ulianza Oktoba, ukajikunja, ukaishia Desemba. Kila kitu kilikuwa kinapumua, au mwanga wa mlango ndio uliokuwa ukitikisika. Hakuna kati yao aliyeweza kujua ni lipi.

Mutinda alisahau kwamba amekamatwa. Alikuwa akiona kwa mara ya kwanza kitu alichokichora mwenyewe. Na kadiri alivyotazama, ndivyo hesabu ilivyokataa, kwa sababu mistari aliitia yeye, na mkia aliutia yeye, lakini kichwa hakukitia. Alikuwa ameacha paka bila kichwa, makusudi, apate pa kujitetea. Sasa kichwa kilikuwepo. Bega la lile koti kwenye Aprili lilikuwa limekutana na gunia lililobonyea la Agosti, na pindo lile la nyuzi lilikuwa limesimama mahali pa sikio. Sikio lililochanika.

"Sikio si mimi," alisema.

Ramzi akalitazama sikio, akamtazama yeye.

"Mkia ni wangu, nakubali. Mistari pia. Lakini hilo sikio sikulichora. Limekuja lenyewe. Haki ya Mungu."

Hafso alimgeukia, na uso wake ulikuwa na huruma. Mutinda akaelewa kwamba amepewa muujiza mmoja maishani, na ameshatumia viapo vyote.

Wakati huo Karani mwenyewe aliingia kutoka uani. Alifika kwenye ukingo wa karatasi, akanusa, akasimama. Kisha akazunguka kandokando ya ukuta, hatua kwa hatua, bila kukanyaga hata pembe moja, kama mtu anayempita mgeni aliyelala.

"Huyu wa karatasi hana macho," Mutinda akajaribu.

"Amelala," Hafso akajibu. "Tulisema jicho, sikio au mkia."

"Ni paka wa vipande."

"Pazia pia ni vipande."

Ramzi akavua kofia yake, akaivaa tena. Mutinda akatazama chini. "Basi nimekuharibia," alisema. "Hutaitundika tena."

Hafso alianza kuzikusanya, Januari juu, Februari chini yake, kwa upole, kama anayefunika mtoto. "Ukutani hayumo," alisema. "Nimemtafuta kwa macho yangu na sikumpata. Ukutani ni ukuta, na mvua, na koti la bwana yangu. Na mama yangu alikataza picha ya kuinuliwa. Ya kutandikwa chini hakuikataza. Nikimtaka, nitamtandika, nimtazame, nimkunje." Akafunga fundo. "Hakuna mtu amewahi kunipa kitu kama hiki. Sasa lipa."

"Nitakaa mlangoni niwaambie watu kwamba mimi ni mwongo."

"Hiyo wanajua."

"Basi sema."

"Beseni."

Mutinda akamtazama Ramzi. Ramzi akatazama dari.

"Kila asubuhi," Hafso alisema. "Unachukua kwa Ramzi, unapeleka uani. Karani awe wa kwanza, kwa sababu ni mzee na wengine wanamsukuma. Mama Mapengo hana meno, umchagulie laini. Na unashika kwa mkono, Mutinda. Hawataki kurushiwa."

Mutinda alitazama viatu vyake. "Mpaka lini?"

"Mpaka kalenda iishe."

"Na ikiisha?"

"Utanichorea ingine."

Hapo ndipo alipoona kwamba Hafso hakuwa ameingia kwenye dau lile ili apate cha kucheka. Alikuwa ametafuta mtu wa beseni tangu Dayib ampigie simu, na hakupenda kuomba.

Hafso alisafiri mwaka mpya ulipoingia, kalenda imefungwa ndani ya kitambaa cha pazia. Asubuhi iliyofuata Ramzi alimkabidhi Mutinda beseni bila maneno, akiwa amebana midomo. Hoodo alimfungulia mlango wa uani kwa ncha ya fimbo, akaufunga upesi nyuma yake. Mvua ilikuwa imenyesha. Paka wakaja kutoka juu ya bati, kutoka nyuma ya magunia, kutoka mahali ambapo yeye, aliyekaa uani humo Novemba na Desemba, hakujua kwamba kuna mahali. Hawakutoa sauti. Walimzunguka na kumtazama, wote, na mzee akasimama katikati ya macho hayo yote akiwa ameinua beseni kifuani kama ngao.

Simu ikalia. Alikuwa Hafso.

"Umefika uani?"

"Niko hapa, Mama Dayib. Kazi inaendelea."

"Umeanza na nani?"

"Na Karani, kama ulivyosema. Anakula mkononi mwangu hapa."

"Mutinda. Karani akila anakoroma kama cherehani. Sisikii mtu anakoroma."

Mutinda alizima simu, akaitia mfukoni. Akamtafuta dume la kijivu, akamkuta amekaa peke yake chini ya ule utepe wa ukuta, akingoja kwa heshima zake. Akachota fungu la matumbo kwa mkono mtupu, akapiga goti kwenye matope, suruali na yote, akanyoosha kiganja.